Miamvuli ya Mwantumu katika Forodha ya Kweupe

Msiniulize njia ya kwenda Kweupe, maana hata Mwantumu Kibwana aliyefika kwa miguu yake mwenyewe hawezi kuielekeza. Jueni hili tu: alifika, tena alifika na mzigo. Katoni kumi na tano, kila katoni miamvuli ishirini, myeusi na ya maua, jumla mia tatu. Ili kuinunua huko ng'ambo, yeye na mdogo wake Hidaya walikuwa wameuza cherehani zao zote mbili na kufunga kibanda cha ushonaji walichokaa nacho miaka kumi na mmoja. Mzigo ukipita, wangefungua duka la milango miwili ya bluu. Ukirudishwa, wangerudi kuzunguka majumbani wakiuliza nani ana shati lililong'oka kifungo. 

Kilichompeleka Kweupe ni habari aliyoisikia, kwamba watu wa huko hujikinga mvua kwa jani la mgomba, na kwamba wana desturi isiyopatikana kwingine. Kila kitu cha masika hununuliwa siku moja tu, siku ya mvua ya kwanza, kwenye soko liitwalo Gulio la Mvua. Mvua ikikatika gulio limefungwa, mpaka mwaka mwingine. Wao husema anayenunua kitu cha mvua wakati wa jua amenunua maneno ya muuzaji. Mwantumu aliposikia hivyo alimshika Hidaya bega. "Mdogo wangu, nchi nzima, siku moja, na mwamvuli hawajawahi kuuona! Tunangoja nini?"

Sasa, huyu Mwantumu hakuwa mgeni wa forodha. Kwao alishawahi kuingiza sufuria na vitambaa, na forodha ya kwao aliijua kama anavyojua jiko lake. Alijua dirisha la kwanza hukutuma la tatu, na la tatu hukurudisha la kwanza. Alijua mwenye muhuri yuko kwenye kikao, na mwenye ufunguo wa kabati la muhuri kaenda msibani. Kwa hiyo alipofika kwenye lango la forodha ya Kweupe, kitu cha kwanza alichotafuta ni wakala wa kumtolea mzigo.

"Mawakala wako wapi?" alimuuliza mlinzi.

"Mawakala wa nini, mama?"

"Wa kunisemea huko ndani."

Mlinzi akamtazama kwa huruma ya kweli. "Pole. Koo linakuuma?"

Ndani hapakuwa na madirisha. Palikuwa na ua mpana wenye paa la makuti, meza moja, daftari moja, na benchi refu lililong'arishwa na makalio ya watu. Nyuma ya meza aliketi Bwana Tumbe, mtu wa makamo, mpole, mwenye masikio makubwa na sauti ya kusoma polepole. Alimkaribisha maji kwanza. Mwantumu aliyaonja kwa mashaka, maana kwao ukipewa maji na ofisa ujue umekwisha.

"Dada, sheria yetu ni maswali matatu," alisema Bwana Tumbe. "Ni nini? Kazi yake nini? Kasoro yake nini? Kasoro ukiitaja, huandikwa kwenye bidhaa na bidhaa ikapita. Ukiificha nasi tukaiona, mzigo wote unarudi ulikotoka, na ofisa aliyeupitisha haketi tena kwenye meza hii maisha yake."

"Ni miamvuli," alijibu Mwantumu. "Kazi yake kukinga mvua."

"Na kasoro?"

Jamani, kasoro ilikuwapo. Mwantumu aliiona kulekule kiwandani, alipofungua mmoja mlangoni na upepo ukapita. Vile vijiti vya chuma vilipinduka vyote juu, mwamvuli ukawa bakuli la kukingia mvua badala ya kuizuia. Alijaribu wa pili, nao ukafanya vivyo hivyo. Ukivikunja vijiti kimoja kimoja vinarudi, ndiyo, lakini nani anunue kitu cha kukunjakunja njiani? Wakati huo alishalipa, na kiwanda hakirudishi.

Tena alikuwa na kovu. Mwaka mmoja, kwenye forodha ya kwao, aliulizwa swali kama hili kuhusu sufuria, naye kwa ujinga wa ugeni akasema kweli, kwamba kuna katoni moja imebonyea. Ndiyo hiyo katoni moja iliyomweka miezi miwili. Mara ithibitishwe imebonyea kiasi gani, mara ibonyezwe nyingine ilinganishwe. Siku hiyo aliapa kwamba mwenye meza akikuuliza kasoro anakutegea mtego, basi.

"Haina kasoro," alisema.

Bwana Tumbe akaandika alichoambiwa, bila kukunja uso wala kuguna. Mwantumu akaona huu ndio wakati wa kufanya lile jambo jingine analolijua. Alipompa karatasi za mzigo, katikati ya karatasi aliacha bahasha ya kaki, nene kiasi.

Bwana Tumbe aliitoa, akaigeuza, akaiweka mezani peke yake. "Hii haikutajwa. Ni nini?"

Watu waliokuwa benchi wakasogea kutazama. Mwantumu alihisi joto limempanda mpaka kwenye ncha za masikio. "Ni... ni bahasha tu, bwana ofisa."

"Kazi yake?"

"Ni ya... ya kuharakisha shughuli."

"Ala! Inaharakisha?" Bwana Tumbe alifurahi kama mtu aliyeletewa dawa ya jino. Akawaita wenzake wawili, wakaja na nyuso za kazi. Ikaandikwa daftarini: bahasha moja, kaki, ya kuharakisha shughuli. Kwa kuwa sheria inataka kila bidhaa ijaribiwe katika kazi yake kabla ya kupita, waliiweka bahasha katikati ya meza, wakaendelea kuhudumia watu asubuhi nzima huku mmoja akiitazama. Walihudumia watu kumi na wanne. Jana yake, bila bahasha, walihudumia kumi na wanne. Wakajaribu kuihamishia kushoto, wakapata idadi ileile. Alasiri Bwana Tumbe akamrudishia kwa masikitiko. "Pole sana, dada. Wamekuuzia kitu kibovu. Hakifanyi kazi kabisa."

Mwantumu aliitia kwenye mkoba akitamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ikabaki miamvuli. Sheria ilikuwa ileile: ofisa autumie mwamvuli mwenyewe, katika kazi yake. Ofisa wa viatu hutembea navyo, ofisa wa magodoro hulala, na ofisa wa sabuni walimwonyesha Mwantumu, mtu msafi kupita kiasi, mikono imechujuka. Lakini mwamvuli kazi yake mvua, na mbingu ilikuwa nyeupe pe, haina hata kipande cha wingu.

"Basi nije lini?" Mwantumu aliuliza, akijiandaa kuambiwa kesho.

"Uje kutoka wapi?" Bwana Tumbe alifunga daftari, akainuka, akazunguka meza, akaja kuketi benchi kando yake. "Hapa aliyemkalisha mtu naye anakaa. Nitakuwa hapa mpaka mzigo wako upite au urudi. Mwenzangu atashika meza."

"Wewe? Ukae hapa na mimi?"

"Ukishinda njaa nashinda njaa. Ukisinzia nasinzia. Ndivyo tulivyojua namna ya kuharakisha, kabla hatujaletewa bahasha." Akamtazama kwa pembe ya jicho. Kumbe mpole naye ana utani wake.

Mwantumu hakuamini. Alidhani jioni mtu ataaga kwamba anakwenda msikitini mara moja, asionekane tena. Bwana Tumbe alikwenda kweli, akarudi kweli, na mkeka kwapani. Palikuwa na vyumba viwili ua wa nyuma, kimoja cha wageni na kimoja cha maofisa wanaosubiri nao. Mwantumu akiwa kitandani alikumbuka madirisha yote aliyowahi kusimama mbele yake, akafikiria kila mwenye dirisha akitolewa nje kuja kukaa juani na mwenye shida. Alicheka peke yake. Kisha akaona wivu, wivu hasa, wa kuwaonea watu wa Kweupe nchi yao.

Asubuhi Bwana Tumbe aliketi, akasafisha koo, akauliza kama sheria inavyotaka kila siku mzigo ukiwa haujapita, "Dada Mwantumu, kuna kasoro?"

"Hakuna, kaka."

Siku ya tatu mambo yalifika barazani, kwa sababu mtu mmoja alihoji: gulio ni siku ya mvua ya kwanza, na mwamvuli haupiti mpaka ujaribiwe mvuani. Sasa huu utajaribiwa lini na kuuzwa lini? Baraza la Forodha likakutana palepale uani, wazee na vijana, chini ya Bi Kirembwe, mama mkavu wa maneno aliyekuwa mwenyekiti. Hakuna aliyekuja na faili.

Kundi moja likataka mwamvuli umwagiwe ndoo. "Maji ni maji," alisema mjumbe mmoja mwembamba. "Amwagiwe Tumbe ndoo tatu, tumalize, watu wakapike."

"Ndoo ina huruma," mwingine akamjibu. "Ndoo inamwagwa na mtu anayempenda Tumbe. Mvua haimjui Tumbe."

"Basi amwagie asiyempenda!"

"Mtafute. Nikungoje?"

Wakatafuta kwa dhati. Aliitwa jirani mmoja aliyewahi kugombana na Bwana Tumbe kwa ajili ya mbuzi, akaulizwa kama chuki yake bado ipo. Jirani akafikiri sana, akasema samahani, iliisha mwezi wa Shaabani. Hoja ya ndoo ikafa hapo. Mwantumu, ambaye kwao alizoea baraza likikutana ni kwa ajili ya kuahirisha, alikaa akiwatazama watu wazima ishirini wakihangaika saa nzima kwa ajili ya mzigo wa mshonaji asiyemjua mtu. Hakujua aweke wapi macho.

Bi Kirembwe akakata shauri. "Mvua ya kwanza ikianza, Tumbe atatoka na mwamvuli mmoja kutoka forodhani hadi gulioni. Ni mwendo wa nusu saa. Mzigo utamfuata kwenye mikokoteni. Akifika mkavu, atatia muhuri palepale na mama huyu atauza. Akifika amelowa, mikokoteni igeuze." Kisha akamgeukia Mwantumu. "Unaridhika, mwanangu?"

Swali hilo forodhani hakuwahi kuulizwa tangu azaliwe. Alisema anaridhika, na sauti ilimtoka nyembamba.

Wakaendelea kukaa. Siku ya nne, ya tano, ya sita. Mke wa Bwana Tumbe alikuwa akileta uji wa mtama kila asubuhi, mabakuli mawili, sawasawa. Bwana Tumbe alimweleza kwamba ameshika meza ile miaka kumi na tisa na kwamba baba yake alikuwa ofisa wa majembe, mpaka siku alipopitisha majembe yaliyofichwa ufa. "Hakuketi tena mezani. Alilima, akafa mkulima. Hakulalamika hata siku moja." Mwantumu naye alimweleza habari za Hidaya na kibanda, na jinsi cherehani ya pili ilivyotolewa mlangoni na Hidaya akageukia ukutani asiione ikienda. Walizungumza mengi, siku hazikuwa na haraka. Na kila asubuhi: "Dada, kuna kasoro?" "Hakuna, kaka." Kila siku jibu lilizidi kuwa zito kulitoa, lakini akishalitoa jana, leo atasemaje?

Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, wingu lilipanda kutoka mashariki na ngoma ya gulio ikalia. Bwana Tumbe alifungua katoni aliyoichagua mwenyewe, akatoa mwamvuli mweusi, akaufungua kwa uangalifu, akatoka nao mvuani. Mwantumu alimfuata pembeni ya mikokoteni, amejitanda kanga, analowa. Alikuwa akisikiliza upepo tu.

Upepo haukuja. Mvua ilishuka wima, nzito, njia nzima, na watu wakatoka kwenye vibaraza vyao kushangaa. "Tumbe kajitwika paa!" mtoto mmoja alipiga kelele. Bwana Tumbe mwenyewe alikuwa akitembea taratibu, anatazama juu, anatazama mabega yake makavu, na mara akaanza kucheka, ofisa mzima, kicheko cha furaha tupu. Mwantumu akaona Mungu kamsitiri. Mvua imeshuka wima kama alivyoomba, duka lipo, Hidaya atafungua milango miwili ya bluu. Kilichobaki ni kunyamaza kidogo tu.

Gulioni, chini ya banda kubwa la maturubai, watu walijaa hadi nje. Bwana Tumbe alipanda kwenye jukwaa dogo la mbao, akawaonyesha mabega yake. "Mimi Tumbe nimeutumia. Umenikinga." Akafungua daftari, akashika muhuri. "Dada Mwantumu, kwa mara ya mwisho. Kuna kasoro?"

Mwantumu alifungua mdomo kusema alichokisema siku tisa. Ndipo alipowaona watu. Kwao mnunuzi hukivuta kitu, hukinusa, hukigonga ukutani, kisha hasadiki. Hapa hakuna hata mmoja aliyeutazama mwamvuli. Wote walikuwa wakiutazama uso wa Bwana Tumbe, na uso huo ukiwatosha. Mama mmoja mwenye kichanga mgongoni alishanyoosha mkono apokee.

"Ngojeni!" Mwantumu alisikia sauti yake. "Ngoja, kaka, usigonge muhuri. Kasoro ipo. Upepo ukiwa mkali vijiti vinapinduka. Miamvuli yote, si huo mmoja. Nilijua tangu kiwandani."

Mvua ikasikika juu ya turubai. Mwantumu aliangalia chini akingoja mikokoteni igeuzwe.

"Ukipinduka unarudi?" aliuliza yule mama wa kichanga.

"Unarudi. Unavikunja hivi." Akauchukua, akaupindua mbele yao, akakunja kijiti kimoja kimoja mpaka ukakaa.

"Mbona jani la mgomba likipasuka halirudi?" alisema mama yule. "Nipe wa maua."

Watu wakacheka, wakaanza kusukumana. Bwana Tumbe aliandika kasoro daftarini, akagonga muhuri, tii! Kisha akamwekea Mwantumu meza ndogo na wino. "Hongera, dada. Sasa iandike kwenye kila mpini: upepo mkali huupindua. Kwa mkono wako."

"Yote mia tatu?"

"Kila unaouza."

"Si watu wanisaidie, kaka? Mvua itakatika!"

"Wangependa. Lakini mwingine akiiandika, kasoro inakuwa ya nani?"

Akakaa akaandika. Mpini ni mwembamba, mbao imenywa unyevu, wino unatambaa, kila mmoja lazima aupulize ukauke ndipo aufikie mwingine. Foleni ilitoka nje ya banda ikazunguka kisima. Hakuna aliyemharakisha. Walimshikia taa, wakampa kahawa, wakamfuta jasho, na waliopokea miamvuli yao walisoma maneno yale, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakatoka mvuani wakichekelea. Vidole vilimfa ganzi. Aliandika hadi herufi zikaanza kulala, na alipokuwa amefikisha miamvuli mia moja na kumi na miwili, akasikia kitu kimepungua. Aliinua kichwa. Juu ya turubai hapakuwa na sauti.

Ngoma ikalia mara moja. Foleni ikatawanyika bila kinyongo, watu wakimpungia mkono, wakimwambia mwakani, mama, mwakani. Mia moja themanini na minane ilibaki katika katoni zake. Iliyouzwa ilitosha kununua cherehani moja. Duka, hapana.

Mwantumu alikaa palepale, mikono imejaa wino hadi kwenye viwiko. Bwana Tumbe alikuja akaketi karibu naye, ijapokuwa mzigo ulishapita na sheria haikumdai tena.

"Kaka," alisema Mwantumu, "kama ningekwambia ile siku ya kwanza..."

"Ungeandika taratibu tukingoja mvua," alisema Bwana Tumbe. "Thelathini na nne kwa siku. Nilikuwa nimekaa kando yako, dada, siku zote tisa, nami kidau cha wino nilikuwa nacho."